Uarabuni bila digrii: Safari ya kijana wa Kigoma huanzia NIDA

KIJANA wa Kigoma aliyeishia kidato cha nne na anayetaka kwenda kutafuta maisha Dubai, Doha au Muscat huambiwa mara nyingi kwamba kikwazo chake ni elimu. Si kweli. Hoteli, kampuni za ulinzi, za usafi na za ujenzi katika nchi za Ghuba zimekuwa zikiajiri kwa miaka mingi watu wasiojua hata mlango wa chuo kikuu unafananaje. Kinachomkwamisha kijana huyo ni karatasi, na nyingi kati ya hizo hupatikana hapa hapa mkoani, kwa pesa ndogo kuliko ile anayotakiwa kumpa dalali.

Kwa mji kama Ujiji, Uarabuni si nchi ya kusimuliwa. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani, iliyobeba pembe za ndovu na kuswaga watumwa, ilipita hapo ikienda na kurudi Manyema ng'ambo ya ziwa. Leo Muscat mtu anaweza kununua mkate kwa Kiswahili, kwa sababu ya familia nyingi zilizotoka Zanzibar na kuhamia Oman, hasa baada ya mwaka 1970. Undugu huo ni mzuri wa salamu, lakini hauandikwi kwenye mkataba wa kazi.

Hamu ya kuondoka nayo ina sababu zake. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Hatua ile ilikuwa na hoja yake. Hata hivyo, kwa anayeishi kwa dagaa na migebuka wa mwalo wa Kibirizi au Katonga, miezi mitatu bila kuingia ziwani ni mingi, na kijana asiye na shamba la michikichi la kuegemea huanza kusikiliza habari za mbali.

Hapo ndipo kishoka hutokea. Huja na picha za majengo marefu kwenye simu, hutaja mshahara kwa dola, kisha hutaja "hela ya viza". Familia huuza injini ya mashua au kipande cha shamba.

Uraia kwanza

Kabla ya kuzungumzia viza, mwombaji anahitaji hati ya kusafiria, na haipati bila namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA. Kwingineko nchini hilo ni suala la foleni tu. Kigoma ni jambo zito zaidi. Mkoa unapakana na Burundi na, kwa upande wa ziwa, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na kambi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu ipo tangu mwaka 1996. Matokeo yake Muha au Mmanyema aliyezaliwa Mwandiga anaweza kuulizwa babu yake alizikwa wapi, wakati mwenzake wa mikoa ya ndani hasumbuliwi kwa swali kama hilo.

Malalamiko haya yamefikishwa bungeni zaidi ya mara moja na yana haki ya kusikilizwa. Lakini mwenye haraka ya safari hawezi kungoja yamalizike. Kilicho mikononi mwake ni kukusanya ushahidi mapema: cheti chake cha kuzaliwa kutoka RITA, cheti cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwa mzazi, vyeti vya shule, barua ya mtendaji, na wazee wanaoifahamu familia. Majina yalingane katika karatasi zote. Aliyeitwa Hamisi shuleni na Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa arekebishe sasa, si siku ya kusimama mbele ya ofisa.

Hati ya kusafiria ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, hugharimu Sh150,000. Huombwa kupitia Uhamiaji. Anayedai nyongeza ili "aisukume" hasukumi kitu.

Ujuzi bila cheti hauvuki maji

Karatasi ya pili ni ya ujuzi. Kigoma ina mafundi hodari: waunda mashua, mafundi wa injini, waashi, wachomeleaji, wapishi. Wengi wamejifunza kwa baba au kwa fundi wa mtaani na hawana cheti chochote. Mwajiri wa Doha hawezi kuja kuona mashua iliyoundwa Katonga.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ina chuo Kigoma, na ina pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi hupimwa kwa kile anachokijua, mapengo yake hujazwa, kisha hupewa cheti. Kwa fundi wa miaka kumi hii ni njia fupi kuliko kurudi kukaa kwenye dawati. Umuhimu wake unazidi kukua: tangu mwaka 2021 Saudi Arabia imekuwa na mpango wa kupima ujuzi wa mafundi wa kigeni kama wa umeme, mabomba na uchomeleaji. Dereva naye ajiandae kufanyishwa mtihani upya huko aendako, hata kama amezoea barabara ya Kasulu wakati wa masika.

Mkataba kabla ya tiketi

Kazi halali nje ina alama moja kubwa: mkataba na viza ya kazi hupatikana kabla ya kupanda ndege. Anayeambiwa atangulie kwa viza ya matembezi, mambo mengine yatamaliziwa huko huko, anatakiwa kujua kwamba kufanya kazi kwa viza hiyo ni kosa, na atakayekamatwa ni yeye, si dalali aliyebaki Mwanga.

Wakala wa ajira binafsi Tanzania Bara anatakiwa kuwa na leseni, chini ya Sheria ya Huduma za Ajira ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2014. Namba ya leseni iulizwe mapema, kisha ihakikiwe kwa ofisa kazi au kwa TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, ambacho nacho hutangaza nafasi za nje. Mkataba uhakikiwe na ubalozi wa Tanzania katika nchi husika. Kama kazi iliyoandikwa kwenye viza si ile iliyo kwenye mkataba, safari isimame.

Na fedha je? Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inakataza gharama za kumwajiri mfanyakazi kubebeshwa mfanyakazi mwenyewe. Qatar nayo inawakataza mawakala wake wenye leseni kupokea chochote kutoka kwake. "Hela ya viza" anayodai kishoka, basi, mara nyingi ni ya mfukoni mwake.

Qatar ina pia kima cha chini cha mshahara tangu Machi 2021: riyal 1,000 kwa mwezi, karibu Dola 275 za Marekani, na nyongeza ya riyal 500 ya malazi na 300 ya chakula kama mwajiri havitoi. Anayeahidi mhudumu wa hoteli dola elfu mbili aulizwe amezitoa wapi.

Kazi za ndani zinahitaji tahadhari ya pekee, na kwa wasichana wengi ndizo za kwanza kutajwa. Nchi nyingi za Ghuba haziwaingizi watumishi wa nyumbani katika sheria ya kawaida ya kazi. Huwawekea kanuni zao, na nyumba ya mtu haikaguliwi kama kiwanda. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu Watanzania waliofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu. Walisimulia kunyang'anywa hati za kusafiria, kudhulumiwa mishahara, na kufanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku. Mwenye uwezo wa kuchagua kati ya nyumba na hoteli, hoteli ni afadhali.

Mbali zaidi ya Ghuba

Japan ilifungua mwaka 2019 viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, isiyodai digrii, inayohusu fani kama kilimo, uvuvi, ujenzi na kutunza wazee. Muda wake ni hadi miaka mitano katika ngazi ya kwanza, bila kuambatana na familia. Kizingiti chake ni mitihani miwili, wa fani na wa Kijapani, na lugha hiyo haijifunzwi kwa mwezi mmoja.

Korea Kusini huchukua vibarua wa viwandani, mashambani na kwenye uvuvi kwa makubaliano na nchi maalumu, zote za Asia. Tanzania haimo. Anayeuza nafasi hizo Kigoma anauza hewa.

Thailand ndiyo ya kuogopwa zaidi siku hizi, pale kazi inapoitwa ya kompyuta, tiketi ni ya bure na usaili ni wa dakika tano. Februari 2025 maelfu ya watu walianza kutolewa katika kambi za utapeli wa mtandaoni nchini Myanmar, mpakani na Thailand, wakiwemo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Wengi walikuwa wameahidiwa kazi Thailand.

Anayeondoka kwa njia halali aache nyumbani nakala ya hati ya kusafiria, ya mkataba, jina na anwani ya mwajiri, na namba ya simu ya ubalozi. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, na mkataba ambao hakuusoma mtaani kwake anaweza kuusoma ndani ya behewa, akiwa bado hajachelewa kushuka Tabora.