Fasili ya Bunju na Majira ya Sumu Yake

Kumfasili bunju kuwa "samaki mwenye sumu ajivimbishaye" ni sahihi, lakini hakutoshi. Fasili hiyo haielezi sumu iko wapi, wala huzidi lini.

Sumu yenyewe, tetrodotoksini, hutengenezwa na bakteria na humfikia samaki hasa kwa njia ya chakula. Bunju waliofugwa kwa chakula kisichokuwa nayo huwa hawana sumu. Katika spishi nyingi hukusanyika zaidi katika ini na ovari, na kiwango chake katika ovari hupanda majira ya kutaga yanapokaribia. Kwa njia hiyo mayai hupata kinga dhidi ya wawindaji. Kwa binadamu, sumu hii huzuia neva kupeleka taarifa: midomo hufa ganzi, misuli hulegea, na pumzi yaweza kukatika ilhali fahamu ingalipo. Kupika hakuiondoi, na dawa ya kuitangua haijapatikana.

Hivyo, kitomeo cha bunju hakina budi kutaja viungo, majira na ubatili wa kupika. Aliyemla akasalimika asijifanyie kanuni: majira huzidisha sumu au kuipunguza, hayaifuti.