Mtunzaji wa Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu

Mwezi huu tuzungumze juu ya watu wawili wanaoishi katika nyumba moja. Wa kwanza ni mzee ambaye kumbukumbu zinamtoka siku hadi siku. Wa pili ni yule anayemwogesha, anayemlisha na kumtafuta anapopotea. Mara nyingi ni binti aliyebaki nyumbani au mke wa mtoto wa kiume. Wa kwanza ana faili hospitalini. Wa pili hana, na huyo ndiye ninayemwandikia leo.

Kusahau mahali ulipoweka ufunguo si ugonjwa. Lakini mzee akishika ufunguo asijue kazi yake, akiuliza jambo lile lile mara kumi kabla chai haijachemka, au akipotea katika njia ya shambani aliyoipita tangu ujana wake, hapo kuna ugonjwa. Waganga wanauita demensia. Chembe za ubongo huharibika polepole na hazirudi. Aina inayopatikana zaidi ni ile iliyoelezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Nyingine hufuata kiharusi na shinikizo la damu lisilotibiwa. Wala si ugonjwa wa Wazungu tu. Mwaka 2010 watafiti waliwapima wazee wa vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakakuta kwamba kati ya kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, kati ya 6 na 8 walikuwa nao.

Tena si uchawi. Bibi mwenye ugonjwa huu huamka usiku, akatoka bila nguo, akasimama uani kwa jirani akidhani ni kwao. Asiyejua atasema amemkamata akiwanga. Tunafahamu yaliyowapata akina mama wazee wa Shinyanga na Mwanza, waliouawa kwa kushukiwa tu, wengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kwa hiyo usimfiche mgonjwa wako. Waambie majirani mapema, mwambie mwenyekiti wa kitongoji, na useme waziwazi katika Jumuiya yenu Ndogo Ndogo: "Mama anaumwa ubongo. Mkimwona njiani mshikeni mkono mmrudishe, msimpigie kelele." Maneno hayo hayagharimu kitu, na yanaweza kuokoa maisha.

Kabla ya kuamini kwamba ni demensia, mlete mzee hospitali. Yako magonjwa yanayofanana nayo na yanatibika: kaswende, Virusi vya UKIMWI, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni kubwa baada ya kufiwa, au damu iliyovuja ndani ya kichwa baada ya kuanguka. Na ikiwa mzee alikuwa mzima jana na leo anaweweseka, usingoje hata kesho. Mabadiliko ya ghafla huletwa na malaria, kichomi, maambukizo ya njia ya mkojo au kukosa maji mwilini.

Dawa ya kuponya demensia yenyewe hakuna. Kazi kubwa ni ya matunzo, na hapo mtunzaji anahitaji maarifa kuliko nguvu. Jambo la kwanza ni kuacha kubishana. Bibi akisema anakwenda kwa mama yake, usimwambie, "Mama yako alikufa zamani." Kwake hiyo ni habari mpya, naye atalia msiba upya kila siku. Mwulize, "Mama alikuwa anapenda kupika nini?" Ataanza kusimulia na safari ataisahau. Zungumza kwa sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja. Si "Vua nguo uoge halafu uje ule," bali "Bibi, tuvue kanga." Mpe kazi anayoiweza: kuchambua maharage, kupukuchua mahindi, kukunja nguo, hata kama utazikunja tena baadaye. Nyimbo na sala za utotoni huchelewa kusahaulika, imba naye. Huko huko Hai, wazee wagonjwa walikutanishwa katika vikundi vidogo mara 14 kwa wiki 7, kwa mazungumzo na mazoezi ya kuamsha akili, na hali zao zilikuwa afadhali.

Mpeleke chooni kila baada ya saa mbili, usingoje aombe. Alapo, aketi wima. Kama maji yanampalia, uji mzito ni salama zaidi. Funika kisima, ondoa viberiti, washa taa kabla giza halijaingia kwa maana jioni ndipo huchafukwa zaidi. Kengele ya mbuzi ikifungwa mlangoni itakuamsha akitoka. Usimfunge kamba, wala usimfungie ndani peke yake. Moto ukitokea hatatoka.

Na dawa za kumlaza! Nawasihi msimpe Piriton au vidonge vya usingizi vya dukani ili nyumba ipate kimya. Vinamzidishia kuchanganyikiwa na kumwangusha, na nyonga iliyovunjika katika umri huo ni taabu kubwa. Dawa kali za magonjwa ya akili zinaweza kuleta kiharusi. Zitolewe na daktari tu.

Sasa wewe mtunzaji. Ukiona hulali, unalia bila sababu, au mkono umeinuka kutaka kumpiga, umechoka kupita kiasi. Toka nje, kaa chini ya mti, mwite mtu. Ndugu walio mjini hutuma fedha wakadhani wamemaliza. Itisheni kikao cha ukoo, na ombeni siku, si shilingi pekee: mmoja achukue Jumamosi, mwingine likizo yake. Watu wa Jumuiya wanaokuja kumwona mgonjwa wakae naye saa tatu ili wewe uende sokoni au ulale. Katika kikao hicho hicho zungumzeni habari za shamba mbele ya wote, maana wapo wanaomletea mzee karatasi aweke dole gumba asipojua anachotia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ulizeni ofisi ya kijiji na ofisa ustawi wa jamii wa wilaya juu ya utaratibu. Na siku ya kumleta mzee kliniki, usikae kwenye benchi ukiwa umeshika mkoba wake tu. Omba nawe upimwe shinikizo la damu, na umwambie muuguzi unalala saa ngapi.