Likizo ya Jasho Kisiwani Ré

Mfanyakazi wa Ufaransa hakupewa likizo yenye malipo kwa hisani ya tajiri wake. Aliipata mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa, sheria ilipomhakikishia majuma mawili kwa mwaka. Tangu 1982 ni majuma matano.

Ifikapo Agosti wengi hushika njia ya pwani. Wanaokwenda kisiwa cha Ré, karibu na mji wa La Rochelle, huvuka daraja la kilomita zipatazo tatu lililofunguliwa mwaka 1988. Wakifika, motokaa hupumzika na baiskeli hushika zamu, kwani nchi ni tambarare na vijia hupita kati ya mizabibu na mashamba ya chumvi. Zamani huko hata punda walivishwa suruali wasiumwe na mbu! Maji yakipwa, watoto na wazazi huokota kombe. Mchana hula polepole, wakalala.

Lakini nyumba nyingi sasa ni za wageni wenye fedha, nazo hufungwa majira ya baridi. Kijana mzaliwa wa kisiwani hushindwa bei. Na mfanyakazi, aliyeipigania likizo hiyo, hupiga hema.