Kinywa cha mgonjwa kisisahaulike

Katika familia nyingi yuko mzee ambaye hawezi tena kuinuka kitandani peke yake. Pengine alipata kiharusi, pengine ni umri tu umemfikisha hapo. Watoto na wakwe hupokezana zamu. Mmoja anamwogesha, mwingine anamgeuza ili asipate vidonda vya mgongoni, mwingine anamlisha uji kwa kijiko. Shuka zimefuliwa na nguo ni safi. Lakini tukiuliza ni lini meno yake yalipigwa mswaki mara ya mwisho, mara nyingi watu hutazamana. Si kwamba hawampendi. Kumtia mtu mzima mswaki kinywani ni kazi yenye haya ndani yake, hasa kama mgonjwa ni mkwe, na wengine huona kwamba mtu anayekula uji tu hana haja ya mswaki.

Mwezi huu tunapenda kueleza kwa nini haja hiyo ipo, na jinsi waganga wa meno na wauguzi walivyoshirikiana kuipima badala ya kuikisia.

Tuanze na kinywa chenyewe. Juu ya meno, kwenye ufizi na juu ya ulimi hujengeka ukoga, ule utando unaoteleza tunaousikia kwa ulimi tunapoamka asubuhi. Ukoga huo si mabaki ya chakula tu. Umejaa bakteria wengi mno, walioshikamana na kujifunika kwa utando wao wenyewe. Kwa mtu mzima mwenye afya mate husaidia kuwapunguza, kutafuna husaidia, na mswaki unamaliza kazi. Mgonjwa wa kulala ana mate machache, hatafuni, na aliyepata kiharusi huenda hamezi sawasawa. Usiku, bila hata kukohoa, mate yake huteremka kidogo kidogo kuelekea kwenye njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Sisi wenye nguvu tukipaliwa tunakohoa mpaka machozi yanatoka. Yeye hana nguvu hiyo. Bakteria wa kinywani wakifika kwenye mapafu wanaweza kuleta homa ya mapafu, yaani nimonia, na hiyo ndiyo inayowaondoa wazee wengi waliolala muda mrefu, hata kama ugonjwa uliowalaza kitandani ulikuwa mwingine kabisa.

Hayo yalijulikana zamani kama maelezo. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, kupiga mswaki kunapunguza kweli nimonia, au ni usafi wa kupendeza macho tu?

Huko Japani, nchi yenye wazee wengi sana, daktari wa meno Yoneyama na wenzake walilichukua swali hilo katika makao 11 ya kulelea wazee. Wazee 417 waligawanywa makundi mawili kwa njia inayofanana na kupiga kura. Kundi la kwanza walipigiwa mswaki na wauguzi au walezi kila baada ya mlo, na mara moja kwa wiki mtaalamu wa meno aliwasafisha. Baadhi yao walipakwa pia dawa ya ayodini kinywani. Kundi la pili waliendelea na utaratibu waliouzoea. Wakafuatiliwa kwa miaka miwili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2002. Katika wazee 182 wa kundi lisilopata huduma ya kinywa, 34 walipata nimonia, nao 30 wakafa kwa ugonjwa huo. Katika wazee 184 waliosafishwa, walioipata walikuwa 21, na waliokufa kwayo 14. Siku za homa nazo zilipungua. Jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba wasiokuwa na meno hata moja nao walinufaika. Kumbe ufizi na ulimi navyo hubeba ukoga.

Kwa nini kura? Hapa tusimame kidogo, maana watu wengi husikia neno utafiti wakaogopa, wakidhani mgonjwa anafanywa panya wa majaribio. Tuseme muuguzi angeachiwa achague mwenyewe nani apigwe mswaki. Bila kukusudia angechagua wale wapole, wanaofungua kinywa wakiambiwa, wasiong'ata. Hao ndio pia wenye nafuu kidogo. Mwisho wa miaka miwili kundi la mswaki lingeonekana kuwa na afya zaidi, nasi tungesifu mswaki kwa kazi ambayo haukuifanya. Kura haimwonei mtu huruma wala haimpendelei. Inawachanganya wapole na wakali, wenye kiharusi na wasio nacho, ili tofauti itakayoonekana mwishoni iwe imetokana na huduma na si na watu.

Msomaji makini atakuwa amejumlisha 182 na 184 akapata 366, siyo 417. Ndivyo ilivyo. Wazee 51 hawakuingia katika hesabu ya mwisho. Kanuni ya tafiti za namna hii ni kwamba aliyeingia kwenye kura ahesabiwe mpaka mwisho, yamkute yaliyomkuta, kwa sababu kila anayetolewa njiani anaweza kupindisha jibu. Kwa hiyo utafiti wa Japani ulikuwa mzuri, lakini haukutosha kuwa neno la mwisho.

Na kweli haukuwa. Katika jimbo la Connecticut huko Marekani, wataalamu walijaribu katika makao 36 yenye wazee 834. Wao waliunganisha mambo matatu: kupiga mswaki meno na ufizi, kusafisha kinywa kwa dawa ya maji iitwayo klorheksidini mara mbili kwa siku, na kumkalisha mzee wima wakati wa kula. Walitazamia ushindi mkubwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu hapakuonekana dalili ya faida. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2015.

Inakuwaje mambo matatu yashindwe pale ambapo utaratibu wa Japani ulionekana kushinda? Hatuwezi kujibu kwa neno moja, lakini kuna mambo mawili ya kutazama.

La kwanza ni hiyo dawa. Klorheksidini huua bakteria, hilo halina ubishi, na waganga wa meno huitumia kwa muda mfupi kwa wagonjwa wa ufizi. Kwa miaka mingi hospitali nyingi za nchi tajiri ziliipaka vinywani mwa wagonjwa mahututi waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia, kwa imani kwamba ingewakinga na nimonia. Ilionekana jambo la akili timamu, maana nani angepinga dawa inayoua vijidudu? Lakini mwaka 2014 watafiti walipokusanya majaribio yote na kuyatazama pamoja, kinga ilionekana kwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo, na kwa wagonjwa wengine haikuonekana wazi. Tena palikuwa na dalili ya kutia wasiwasi kwamba huenda waliopakwa dawa walikufa zaidi kidogo kuliko wasiopakwa. Mwaka 2021 hospitali za Toronto, Kanada, zilitoa matokeo ya kuiacha dawa hiyo katika wodi sita za wagonjwa mahututi na kuweka badala yake utaratibu mzuri wa kusafisha kinywa. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 3,000. Vifo havikuongezeka, na wagonjwa walisumbuka kidogo zaidi ya hapo awali kwa maumivu ya kinywa? La, maumivu hayakuongezeka. Mwaka 2022 mwongozo wa wataalamu wa Marekani ukageuka: kwa wagonjwa walio kwenye mashine, mswaki kila siku ukawa huduma ya lazima, na klorheksidini haikushauriwa tena.

Mama yeyote anayepika ugali atalielewa jambo hili haraka. Sufuria yenye ukoko ukiimwagia maji ya sabuni na kuiacha, asubuhi ukoko upo palepale. Lazima kusugua. Ukoga nao ni hivyo. Bakteria wa juu huuawa na dawa, wa chini hubaki wamejificha kwenye utando wao. Mwaka 2024 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Boston waliokusanya majaribio 15 kuhusu mswaki hospitalini. Wagonjwa waliopigwa mswaki walipata nimonia pungufu kwa karibu theluthi moja, na katika wodi za mahututi vifo pia vilipungua. Faida hiyo ilionekana hasa kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Tena, kupiga mswaki mara mbili kwa siku kulifanya kazi sawa na mara tatu au zaidi. Hiyo ni habari njema kwa mlezi aliyechoka.

Jambo la pili ni kudumu. Katika jimbo la North Carolina, walezi wa makao saba walifundishwa kwa makini namna ya kusafisha vinywa vya wazee, hata wale wenye kusahau na kukataa, na makao mengine saba yakabaki na desturi yao. Mwaka wa kwanza nimonia ilipungua waziwazi kwenye makao yaliyofundishwa. Mwaka wa pili tofauti ikafifia. Mswaki haukubadilika, ila kazi ya kila siku isiyoonekana na mtu ni rahisi kuiacha. Nani kati yetu hajui hilo?

Inatupasa kusema pia kwamba majaribio haya yalifanyika kwenye makao yenye wafanyakazi wa zamu na kwenye wodi zenye mashine, siyo katika chumba cha nyuma nyumbani kwa bibi. Hata hivyo mate ya bibi huteremka njia ileile, na mswaki ni wa bei ndogo. Hatari iliyopo ni moja, kumpalia, na inaepukika kama tutafanya taratibu.

Mkalishe mgonjwa wima, umwegemeze kwa mito. Kama hawezi kukaa, mlaze ubavu, kichwa kikielekea chini kidogo upande mmoja, na taulo chini ya shavu. Mweleze unachotaka kufanya hata kama hajibu, maana kusikia mara nyingi hubaki. Tumia mswaki laini, hata wa mtoto. Mswaki wa mti tunaupenda, lakini ni mgumu kuutumia katika kinywa cha mtu mwingine. Dawa ya meno iwe kidogo sana, ukubwa wa punje ya mchele, ili povu lisimjae. Usimmiminie maji kinywani. Lowesha mswaki, ukung'ute, sugua meno nje na ndani, ufizi, kisha ulimi polepole, halafu futa kwa kitambaa safi chenye unyevu ulichokikamua vizuri. Asiye na meno afutwe ufizi na ulimi vivyo hivyo. Usitie kidole katikati ya meno ya mgonjwa aliyechanganyikiwa, kwa sababu anaweza kung'ata bila kujua. Akikataa asubuhi, mwache, rudi baada ya chai. Ukimaliza, mwache amekaa wima kwa muda, na baada ya kila mlo pia usimlaze papo hapo.

Meno bandia yatolewe usiku, yasuguliwe na kuwekwa kwenye maji safi. Wazee 524 wa Tokyo wenye umri wa miaka 85 na zaidi walifuatiliwa kwa miaka mitatu, na waliolala na meno bandia walipata nimonia mara mbili na zaidi ya wale wasiolala nayo. Huo haukuwa utafiti wa kura, kwa hiyo huenda wanaolala nayo wana uzembe mwingine pia. Lakini kuyatoa hakugharimu kitu.

Unapopiga mswaki unapata pia nafasi ya kuchungulia. Ukiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda usiofutika kwa urahisi, kidonda kisichopona kwa wiki mbili, jino linalocheza au ufizi uliovimba usaha, mpeleke au umwite mhudumu wa afya. Na mzee anayepumua harakaharaka, aliyeacha kula ghafla, au aliyeanza kuongea maneno yasiyoeleweka ambayo jana hakuwa nayo, huenda ana nimonia hata kama mwili wake hauna joto, maana wazee wengi hawapandi homa. Huyo asisubiri kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akiwa amekalishwa wima njiani.