Kamera ya gari haina shemeji

Ilikuwa Ijumaa moja ya Novemba 2022, saa kumi na mbili na nusu jioni, nikitoka kazini kuelekea nyumbani kwa Barabara ya Entebbe. Kama wewe ni mkazi wa Kampala, hakuna haja nikueleze hali ya mzunguko wa Kibuye saa hizo. Teksi moja, yaani basi dogo la abiria 14 ambalo wenzetu wa Kenya huliita matatu na wa Tanzania daladala, ilinipita kwa upande wa kushoto, ikajipenyeza mbele yangu, kisha ikafunga breki ghafla ili kumchukua mama aliyekuwa na mzigo wa matoke. Nikaigonga kwa nyuma.

Kila dereva anajua mambo yanavyokwenda baada ya hapo. Aliyegonga nyuma ndiye mkosaji mpaka athibitishe vinginevyo. Utingo aliruka chini akipiga kelele, abiria wakamuunga mkono, na watu ambao hawakuwepo wakati wa ajali wakageuka mashahidi. Mama wa matoke, mtu pekee aliyeona vizuri, alishapanda teksi nyingine.

“Ssebo, una ushahidi wowote?” trafiki aliniuliza, tena kwa upole.

Sikuwa nao. Nililipa shilingi 900,000 za taa na bampa ya teksi, na nyingine 600,000 kulitengeneza gari langu, kwa kuwa bima yangu ilikuwa ile ya mtu wa tatu ambayo haimgharimii mwenye gari hata msumari.

Wiki iliyofuata, kwenye foleni ya Barabara ya Jinja, nikanunua kamera kwa mchuuzi. Shilingi 120,000. Boksi lilikuwa limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu. Niliibandika kwenye kioo cha mbele kwa kile kikombe cha mpira kinachonyonya, waya ukaning'inia mbele ya redio hadi kwenye tundu la kiberiti cha sigara, nami nikajiona nimemaliza kazi. Jambo la kwanza lililobadilika ni redio, maana ilianza kukoroma. Magari yetu mengi yanatoka Japani, ambako masafa ya FM huanzia 76, na huku tunayafungia kifaa cha kuyapandisha ili tuzipate stesheni zetu. Ukiongeza hapo chaja ya bei rahisi inayovujisha mawimbi, taarifa ya habari utaisikia kama inasomwa kutoka chini ya Ziwa Victoria.

Miezi minne baadaye lori lilirudi nyuma sokoni likakwangua mlango wangu wa mbele kutoka mwanzo hadi mwisho. Dereva wake akakana. Safari hii nilitabasamu. Nikachomoa kadi, nikakimbilia kompyuta ya duka la jirani, nikakuta faili za mwisho zina tarehe ya 1 Januari 2016 na hazifunguki. Kadi iliyoandikwa GB 64 ilikuwa na GB 8 tu za kweli. Kadi bandia hukubali kila unachoiandikia, na ikishajaa huendelea kukubali huku ikiharibu ilivyonavyo. Kijana wa duka aliipima kwa programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza kadi mpaka mwisho na kisha kuisoma tena. Tangu siku hiyo sitii kadi yoyote ndani ya kamera bila kuipima hivyo kwanza.

Ndipo nikamtafuta shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye huwaendesha watalii hadi Bwindi na Murchison na ameishi na kamera za magari kwa miaka mingi.

“Umenunua boksi,” aliniambia. “Sasa tununue kamera.”

Swali lake la kwanza lilikuwa moja: namba za gari la mbele zinasomeka? Hapo ndipo hesabu za picha zinapoingia. Picha ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080. Ile ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, yaani mara nne zaidi. Lakini kamera nyingi za bei ya chini zinazojiita 4K zina jicho dogo la ndani, na picha huvutwa tu kama chapati mpaka ifikie ukubwa huo. Kuvuta hakuongezi herufi kwenye pleti. Shemeji alinishauri kamera ya 1440p iliyo ya kweli kuliko 4K ya boksi, na akasisitiza nitazame zaidi video ya usiku kuliko ya mchana. Mchana kila kamera ni nzuri. Usiku, barabarani kusiko na taa, ndipo utaona tofauti kati ya lenzi iliyo wazi kiasi cha F1.8 na iliyobanwa, na kati ya jicho la kawaida na yale yaliyoundwa kwa ajili ya giza, kama ya Sony yanayoitwa STARVIS. Hata hizo, nikuambie ukweli, gari linalokuja mbele yako kwa kasi usiku namba zake hutazisoma.

Jambo la pili, ambalo wauzaji wengi hawalitaji, ni joto. Gari lililoegeshwa juani saa saba mchana huwa tanuri, na dashibodi yenyewe inaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Kamera nyingi za bei rahisi zina betri ndogo ya lithiamu ndani, na betri hiyo ikichemshwa kila siku huvimba. Yangu ya kwanza ilivimba mpaka ikafungua mgongo wa kamera. Uliza kamera inayotumia kapasita badala ya betri. Kapasita haiwezi kuiendesha kamera kwa muda mrefu gari likizimwa, ila hutoa sekunde chache za kuifunga faili ya mwisho salama, na kwa ajali hizo ndizo sekunde unazozihitaji.

Nilinunua kamera ya mbele na ya nyuma kwa shilingi 650,000, pamoja na kadi ya GB 128 ya aina inayotengenezwa kwa kuandikwa na kufutwa kila siku. Kamera hizi hurekodi kwa mzunguko: vipande vya dakika moja au tatu, na kadi ikijaa kipande cha zamani kabisa hufutwa kupisha kipya. Yangu ya mbele hula karibu GB 9 kwa saa. Kwa hiyo, ukikumbuka kwamba ya nyuma nayo inakula, usidhani utakuta safari ya juzi. Tukio likitokea, chomoa kadi au hifadhi kipande siku hiyo hiyo.

Ni kweli kuna magari ya Japani yanayofika hapa yakiwa na kamera zake tayari. Usilifurahie sana jambo hilo kabla ya kuona kama menyu inasomeka kwa lugha unayoijua.

Kufunga tulikwenda Ndeeba, kwa fundi umeme wa magari. Fundi alipoona kamera alichukua kisu, akavuta waya wa taa, akataka kuuchubua aunganishe hapo na kufunga kwa selotepu.

“Bosi, hii ni dakika tano tu,” akasema.

Nilimshika mkono. Magari yanayoungua kwa sababu ya hizo dakika tano si machache. Njia iliyo sawa ni kupitia kisanduku cha fyuzi. Kuna kiungo kidogo kinachochomekwa mahali pa fyuzi, chenye nafasi mbili: moja ya fyuzi ya zamani na moja ya kamera, nayo ikiwa ndogo, ya ampea 2 au 3. Waya mmoja unakwenda kwenye fyuzi inayopata umeme pale tu ufunguo ukiwashwa, kama ya redio. Wa pili kwenye fyuzi yenye umeme muda wote, kama unataka kamera ilinde gari likiwa limeegeshwa. Wa tatu, mweusi, unafungwa kwenye boliti ya bodi. Fyuzi za mifuko ya hewa na za breki usiziguse kabisa. Fundi alizipata zinazofaa kwa testa, na kusema haki, baada ya kuelewa alifanya kazi safi.

Kuhusu ulinzi wa gari lililoegeshwa, piga hesabu kwanza. Kamera inayovuta robo tatu hivi ya nusu ampea inamaliza karibu ampea-saa 9 kwa siku, na betri ya gari dogo huwa na 40 hivi. Siku tatu tu uwanja wa ndege na gari haliwaki. Kile kifaa cha kushusha umeme kutoka volti 12 hadi 5 lazima kiwe na uwezo wa kujizima betri ikishuka. Changu nimekiweka volti 12.2.

Waya ulipita ukingoni mwa dari, ukashuka kwenye nguzo ya kioo chini ya raba ya mlango. Kama gari lako lina mifuko ya hewa ya pembeni, hapa kuwa macho: waya upite nyuma ya mfuko, kamwe usipite mbele yake, la sivyo siku mfuko utakapofunguka utaurusha waya na plastiki usoni mwako. Kamera tuliiweka nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, upande wa abiria, ndani ya eneo linalofagiliwa na waipa. Kioo kilisafishwa kwa spiriti kabla ya gundi kubandikwa. Jicho likitazama mawingu mno barabara inakuwa nyeusi, kwa hiyo tuliishusha mpaka upeo wa macho ukakaa katikati.

Kisha saa na tarehe, ambavyo niliviweka mwenyewe mara mbili.

Siku ya kwanza kamera ililia kila dakika. Inayo kihisio kinachotambua mshtuko na kuifunga faili isifutwe. Kiwandani wamekiweka kwa barabara za kwao. Kwa mashimo ya Kampala kila shimo lilikuwa ajali, na kufikia jioni kadi ilikuwa imejaa ajali 70. Nilikishusha hadi kiwango cha chini kabisa.

Sauti ni uamuzi wako. Mimi niliiacha, ila humwambia kila ninayempakia kwamba kuna kinasa sauti. Sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi ni ya mwaka 2019, na sura ya mtu wa watu kuizungusha WhatsApp kwa ajili ya kicheko si kazi niliyoinunulia kamera.

Wenzetu walianza zamani. Kimondo kilipopasuka juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi tarehe 15 Februari 2013, dunia ilikiona kwa sababu kamera za madereva zilikuwa zikirekodi safari za kawaida za kwenda kazini. Ujerumani, nchi yenye ukali wa faragha, mahakama yake kuu ya madai iliamua Mei 2018 kwamba picha hizo zinaweza kupokelewa katika kesi ya ajali.

Agosti 2024 ilikuwa zamu yangu. Tulikuwa Nateete mimi na mke wangu. Nilikwepa shimo kwa kwenda kulia, na bodaboda iliyokuwa ikinipita upande huo ikajibamiza kwenye ubavu wa gari. Kijana alianguka na mguu ukavunjika. Bodaboda wenzake walijaa pale kabla sijafungua mlango. Nilikuwa na hofu, lakini moyoni nilikuwa na uhakika: nilitoa indiketa, yeye ndiye alikuja kwa kasi, na kamera imeona.

Tulimpeleka kliniki. Nikiwa kwenye benchi la ukumbini, nikisubiri kwenda kuandika maelezo kituoni, nikafungua video kwenye simu.

Hakuna indiketa. Mlio wake ule wa tik-tak haumo kabisa. Kasi yangu ilikuwa kilomita 38 kwa saa, na sekunde moja kabla ya kishindo inasikika sauti ya mke wangu: “Angalia boda!” Naapa sikuwa nimeisikia.

Shemeji alishafika. Aliitazama mara mbili, akanirudishia simu na kuinama karibu.

“Futa hiyo. Sema kadi iliharibika. Kadi huharibika, wewe mwenyewe unajua.”

Ni kweli najua. Kitufe cha kufuta kilikuwa pale pale, chini ya picha. Mke wangu hakusema neno, alinitazama tu. Nilikaa na simu ile mkononi kwa muda ambao sipendi kuutaja. Nilikuwa nikimwona yule utingo wa Kibuye na wale mashahidi wake.

Kituoni nilimpa trafiki simu kabla hajaniuliza. Alitazama, akarudisha nyuma, akatazama tena. Alisema kijana naye ana kosa la kupita gari pasipostahili, na la kutovaa kofia, lakini la kwanza ni langu. Tuliandikiana: gharama za matibabu na matengenezo ya pikipiki, jumla shilingi 2,300,000, kwa awamu tatu. Shemeji hakuzungumza nami kwa karibu mwezi mzima.

Awamu ya kwanza nilimpelekea kijana mwenyewe, mguu ukiwa kwenye plasta. Alihesabu pesa, akaziweka chini ya mto, kisha akaniuliza kama ile kamera ipo ndogo, ya kufunga kwenye kofia.

“Ipo,” nikamwambia. “Lakini kwanza itabidi ununue kofia.”

Alicheka, akaniuliza bei ya vyote viwili.