“Kumbe ana duka”: kozi ya mtandaoni, presha ya baba na mimi

Mimi ni mwalimu wa historia hapa London, huu mwaka wa tisa. Kila siku nawauliza watoto wa watu: nani ameandika hiki, na alitaka nini? Kwa hiyo tulipoambiwa walimu tusome kozi ya mtandaoni kuhusu kutambua habari za uongo, niliguna. Wiki sita, Jumanne usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Nikasema haya, nitasikiliza huku napika.

Zoezi la kwanza likaniumbua. Tulipewa kurasa mbili za vyama vya madaktari wa watoto Marekani, tuseme upi ni wa kuaminika zaidi. Nikazisoma kama nilivyofundishwa chuo kikuu, juu mpaka chini. Zote zina nembo, zote zinataja utafiti. Nikachagua American College of Pediatricians, maana ulionekana nadhifu. Kumbe hicho ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002, baada ya mabishano kuhusu wapenzi wa jinsia moja kulea watoto. Chama kikubwa ni kile kingine, American Academy of Pediatrics, cha tangu 1930, chenye wanachama zaidi ya 60,000.

Angalau siko peke yangu. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwahi kuwapima watu 45 kwa mazoezi ya namna hii: wanahistoria 10, wanafunzi wa chuo 25 na wahakiki wa habari 10. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki palepale kwenye ukurasa, wanausoma kwa makini. Wahakiki walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine pembeni: hawa ni akina nani, na wengine wanasemaje juu yao? Walitumia muda mfupi zaidi na wakapatia zaidi. Yaani kusoma kwa makini ndiko kulikotuponza.

Wiki ya nne nikaenda kwa wazazi. Natafuta panadol kwenye kabati la jikoni, nakuta boksi la dawa za presha za baba halijaguswa. Mezani kuna jagi la maji ya kitunguu saumu na ndimu.

“Baba, dawa?”

“Nimeziacha, wiki ya pili sasa. Zinaharibu figo. Mama yako mkubwa katuma video, daktari kaeleza vizuri kabisa.”

Nikafanya kosa ambalo wengi wenu mnalijua. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani, kwamba huo ni uongo mtupu. Akaniangalia. “Wewe umekuwa daktari lini?” Akageukia TV.

Usiku ule sikulala vizuri. Kozi ilinifundisha kuhakiki, lakini kwa Kiingereza, tena mbele ya watoto wanaolazimika kunisikiliza. Kwa Kiswahili sikuwa na sentensi hata moja ya kumwambia mzee kwamba amedanganywa bila kumfanya aonekane mjinga. Halafu video haikutoka kwa mtu baki. Imetoka kwa dada yake mama, aliyeituma kwa mapenzi. Ukisema video ni ya uongo, baba anasikia unamwita mama mkubwa mwongo.

Kesho yake nikarudi. Shikamoo, marahaba, chai kwanza. Ndipo nikasema: “Baba, naomba tuiangalie tena ile video. Nataka tumjue huyu daktari ni nani.” Kitunguu saumu sikukitaja kabisa. Tukakaa kochi moja, simu mkononi mwake, anaandika yeye. Jina halikuwepo kwenye orodha yoyote ya madaktari tuliyofungua. Lililokuja ni tangazo lake, anauza maji yaleyale kwenye chupa.

Baba akavua miwani. “Kumbe ana duka.”

Sikuongeza neno. Akapiga simu kliniki mwenyewe. Muuguzi alipompima, presha ilikuwa 178 kwa 102. Akarudishiwa dawa siku hiyohiyo.

Kwenye kozi tulipewa hatua nne za Mike Caulfield: simama kwanza, chunguza chanzo, tafuta maelezo bora, fuatilia habari ilikoanzia. Ni nzuri, lakini nyumbani nimezigeuza maswali: Huyu ni nani? Wengine wanasemaje? Hii ilianzia wapi? Swali mnaulizana bega kwa bega, hakuna anayemshinda mwenzake. Na kuuliza si ujinga. Hilo alinifundisha baba mwenyewe, zamani kabla hakujawa na simu za namna hii.

Mama mkubwa bado hajaambiwa. Baba anasema simu ya Dar ataipiga yeye, maana mimi ni mdogo. Sawa, hapo sibishi.

Nyie je, kwenu mnamwambiaje mkubwa kwamba alichotuma si kweli? Tuandikieni, hata kwa Kiswahili cha kuungaunga. Tutazisoma kwenye kipindi kijacho.