Mabano Yanayopotosha Hesabu ya Mvua

Mvua inyeshayo juu ya milima ya Uluguru ndiyo huulisha mto Ruvu, na sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka katika mto huo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Morogoro anayeiagiza kompyuta ikokotoe wastani wa mvua hafanyi mchezo: jibu lake laweza kutumiwa kukadiria maji ya jiji.

Tuseme anatumia Lisp, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na John McCarthy nchini Marekani mwaka 1958. Katika lugha hii kila amri hufungwa ndani ya mabano, na kinachotangulia baada ya bano ndicho kitendo; yanayofuata ndiyo yanayotendewa. Hatuandiki 12 + 33, bali (+ 12 33). Mwanafunzi mgeni akiandika (12 + 33), kompyuta hutafuta kitendo kiitwacho 12, isikione, ikalalamika. Akisahau bano la kufungia, hailalamiki hata kidogo. Hukaa kimya ikingoja amri ikamilike, naye hudhani mashine imeharibika.

Makosa hayo mawili ni mepesi, kwa kuwa hujulikana papo hapo. Linalonitia wasiwasi ni la tatu. Chukua mfano wa vipimo vya siku tatu mlimani: milimita 12, 0 na 33. Amri sahihi ya kupata wastani ni hii:

(/ (+ 12 0 33) 3)

Jibu ni 15. Lakini aliyezoea kuandika hesabu kwa mkupuo mmoja huenda akaandika:

(+ 12 0 (/ 33 3))

Mabano yote yamefungwa, wala kompyuta haina la kulalamikia. Inagawanya 33 peke yake, inajumlisha, inatoa 23. Milimita 23 kwa siku si ajabu kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, ambayo hupata mvua nyingi kuliko ile ya magharibi. Basi hakuna atakayeshtuka, na maji ambayo hayakunyesha yataingia katika makadirio.

Walimu wengine huagiza mabano yahesabiwe. Shauri hilo halitoshi, maana amri zote mbili hapo juu zina mabano manne manne. Afadhali kuisoma amri kuanzia mabano ya ndani kabisa kwenda nje, ukijiuliza katika kila hatua kinatendwa nini, na juu ya tarakimu zipi. Kisha ijaribu kwa vipimo ambavyo wastani wake waujua tangu mwanzo: 12, 12 na 12. Amri ya kwanza italeta 12. Ya pili italeta 28.